Mguu Nilioutibu Bila Kuuona

Ipo asubuhi moja ya msimu wa mavuno, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani. Ilikuwa miaka ya tisini, mpunga umeiva Namawala yote, na mimi nimechuchumaa chini ya dungu la baba mkwe wangu, babu yako Alfonsi, nimeshika bakuli la supu ya makongoro kwa mikono miwili. Supu ile nilianza kuichemsha tangu jana yake mchana. Nilikuwa nimeondoa povu mara saba, nami nasema saba kwa sababu nilihesabu. Juu ya dungu, kile kibanda cha miti tunachojenga shambani ili kulinda mpunga na nguruwe, babu yako alikuwa amelala hawezi kushuka ngazi. Kilichomlaza kilianzia kidole gumba cha mguu wa kulia. Kidole kimoja tu. Nami niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nampelekea dawa.

Leo nakuambia habari hii nikiwa nimetulia, nimeshiba, sina kinyongo na mtu. Zamani nisingeweza kuisimulia bila kutokwa na jasho.

Niliolewa Ifakara nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikitokea Mahenge. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikaacha shule darasa la nne ili nilee wadogo zangu, kwa hiyo hakuna aliyenishika mkono kunifundisha kupika. Nilijifunza mwenyewe kwa kusimama karibu na majiko ya watu nikijifanya nimekuja kuomba moto. Hata kusoma nilijimalizia mwenyewe, kwa kusoma makaratasi ya kufungia maandazi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe, mwanangu, anaishi na hofu asiyoisema: kwamba siku moja atatokea mjuzi wa kweli amuumbue mbele za watu. Mimi hofu hiyo ililala na kuamka nami. Mboga ikizidi chumvi kidogo, nilikuwa nakosa usingizi. Mtu akibakiza tonge, nilikaa nikijiuliza kosa liko wapi.

Bibi yako alikuwa amekwisha fariki nilipofika nyumba ile. Baba yako alifanya kazi ya reli Mang'ula, akirudi mwisho wa wiki. Kwa hiyo kumtunza babu yako ikawa kazi yangu na wifi yangu Tekla, binti yake wa mwisho. Ila Tekla alikuwa binti wa nyumba, anaweza kukaa karibu na baba yake, akamkata kucha, akamtania. Mimi nilikuwa mkamwana. Mkamwana wa nyumba ile alisalimu akiwa amechuchumaa, macho pembeni. Hakupita mbele ya baba mkwe akiwa amelala. Hakumtazama miguu, wala hakugusa shuka alilojifunika. Tena mimi, kwa hofu yangu, niliishika desturi hiyo kuliko waliozaliwa nayo.

Kwa kuwa sikuweza kumuuliza anapenda nini, nilinunua daftari. Kila siku niliandika nilichompa na alichobakiza. Jumatatu, maini ya kukaanga, amemaliza. Jumanne, ugali na kambale, amebakiza kidogo. Jumatano, dagaa wa nazi, ameomba tena. Tekla aliliona siku moja akacheka mpaka akakaa chini.

"Wifi, wewe unapika kama mtu anafanya mtihani wa darasa la saba! Atakusahihishia nani?"

Nilicheka naye, lakini daftari sikuliacha.

Maini na figo yalitoka kwa jirani yetu Masunga, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache kabla. Babu yako alimpokea vizuri alipofika, akamwonyesha mahali pa kunyweshea mifugo bila kugombana na wenye mashamba, na Masunga hakusahau. Kila akichinja ng'ombe wa kuuza, alipita kwetu na kifurushi cha majani ya mgomba.

"Mkamwana, haya ya mzee. Usimpe Tekla ayabebe, yatafika nusu."

"Masunga, na wewe!" Tekla alijibu kutoka jikoni. "Ng'ombe wako wana figo ngapi hata zinakutosha kunisema?"

Basi hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na yalikuwa mazuri. Babu yako alinenepa kidogo. Nilijivunia sana ule unene.

Mara ya kwanza kidole kilimshika wiki chache baada ya Krismasi. Alilala mzima, na kabla hakujapambazuka Tekla akasikia anagumia. Asubuhi hakuweza kukanyaga. Tulisema amejigonga kwenye pedali ya baiskeli. Mimi nilikuwa nimesikia sokoni, kwa wanawake wauza nyama, kwamba mtu akiumwa maungio apewe supu ya miguu ya ng'ombe, kwa sababu ule ute wake unakwenda kulainisha maungio yake. Nilipika supu. Nilipika kila siku. Baada ya wiki babu yako akasimama, akavaa viatu, akapanda baiskeli yake. Nikaandika kwenye daftari: supu ya makongoro, imemponya.

Mara ya pili ilikuwa baada ya Pasaka. Kidole kilekile, namna ileile, ghafla. Tukasema amejikwaa kwenye tuta la jaruba. Nikapika supu. Siku kumi, akasimama. Unaona jinsi nilivyonaswa, mwanangu? Ugonjwa ule una tabia ya kuja kwa kishindo na kuondoka wenyewe, hata usipofanya lolote. Chochote utakachokuwa unampa mgonjwa siku ile unapoondoka, hicho ndicho utakachokisifia. Mimi nilisifia kilekile kilichokuwa kinauita urudi.

Mara ya tatu ndiyo ile ya shambani. Tulikuwa tumealika watu kutusaidia kuvuna, na watu wa kualikwa hawavuni kwa maneno matupu. Tulipika komoni, pombe yetu ya mahindi, mapipa mawili. Masunga alichinja. Babu yako alishinda juani siku nzima akiwaongoza wavunaji, na kila alipoona kiu alikunywa komoni, maji hakuyagusa. Jioni alikula figo, maini na utumbo nilioutengeneza kwa ustadi wangu wote. Usiku wa pili yake moto ukawaka, na safari hii haukukaa kwenye kidole tu, ukapanda mpaka kwenye kifundo cha mguu.

Siku ya tatu hakuwa na nafuu, siku ya nne vilevile. Na hapo ndipo shida ilipokuwa, maana Tekla alikuwa anaolewa. Ndoa ilibakiza Jumamosi tatu. Bibi yako kabla hajafa aliomba jambo moja: kwamba Alfonsi amwingize Tekla kanisani mwenyewe, kwa miguu yake, asimwachie kaka wala mjomba. Babu yako aliahidi. Sasa yuko juu ya dungu, anashushwa na watu wawili hata kwenda kujisaidia, na Tekla aliyekuwa akitania kila kitu ameacha kutania.

Watu wakasema safari hii si kujigonga, ni kisiki cha mpunga. Wewe umekulia mjini, hujui: mpunga ukishakatwa, mabua yanayobaki ni makali kama misumari, yanaweza kumchoma mtu na kukatikia ndani. Kijiji cha jirani alikuwepo mzee mwenye sifa ya kutoa miiba kwa wembe. Aliitwa. Akatuma jibu kwamba atakuja kesho yake asubuhi, tuchemshe maji, tuandae chumvi na majivu. Mimi nikakaa chini ya dungu na bakuli langu, nikijiambia kwamba supu hii ikimwingia vizuri, pengine wembe hautahitajika.

Hapo ndipo Shangazi Velonika alipofika. Ni dada yake babu yako, akikaa Lupiro. Alikuwa amevuka kivuko alfajiri, akapakiwa kwenye baiskeli mpaka shambani, na alishuka ameshika kiuno, anailaani baiskeli na mwenye baiskeli.

"Shikamoo, Shangazi," nilimwambia.

"Marahaba. Kaka yangu yuko wapi? Nimeambiwa amechomwa na kisiki."

"Yuko juu, Shangazi. Anaumwa sana. Nimemletea supu."

"Kisiki kimeingilia wapi?"

"Kwenye kidole gumba."

"Upande gani wa kidole? Juu au chini?"

Sikujua.

"Kidonda chake kikoje? Kinatoa usaha?"

"Shangazi, sijakiona. Ni baba mkwe wangu."

Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Konsolata, umeniambia kwenye barua mbili kwamba unamtibu kaka yangu mguu. Tangu Krismasi. Kumbe unautibu mguu ambao hujauona?"

Mwanangu, nimesemwa mara nyingi maishani, lakini neno lile liliniingia. Nilitaka ardhi inimeze pamoja na bakuli langu. Kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimehesabu povu la supu, nimeandika tonge alizobakiza, nimejua kila kitu kuhusu chakula changu na sikujua lolote kuhusu ugonjwa wake. Nilikuwa nautunza ufundi wangu. Mgonjwa nilimwachia shuka lake.

"Panda," Shangazi aliniambia.

"Shangazi, siwezi. Ni aibu."

Kutoka juu tukasikia sauti ya babu yako, imechoka. "Velonika, mwache mtoto apande. Kama ni aibu, yangu imeisha juzi niliponyanyuliwa kama gunia. Apande atazame."

Nilipanda. Sikujua nitazame wapi. Shangazi alishika pindo la shuka alifunue, na lilipomgusa babu yako kidoleni tu, lile pindo jepesi la shuka, mzee aliyewahi kukatwa na shoka bila kupiga kelele akapiga kelele. Hapo nikasahau aibu nikatazama. Mguu ulikuwa mwekundu unaokwenda kwenye zambarau, umevimba, ngozi imevutika inang'aa kama imepakwa mafuta. Nilisogeza kiganja karibu bila kugusa, nikahisi joto lake. Uvimbe ulikuwa umekaa pale kidole gumba kinapoungana na unyayo, ukapanda hadi kifundoni. Tulitafuta tundu la kisiki. Tulitafuta juu, chini, katikati ya vidole, kwenye kisigino. Hapakuwa na tundu. Hapakuwa hata na mchubuko.

"Sasa huo wembe kesho unakuja kutoa nini?" Shangazi aliuliza.

Nilipokuwa bado nimeinama, niliona kitu kingine, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa namtazama babu yako kwa karibu. Pembeni mwa sikio lake palikuwa na kinundu kigumu, kama punje ya mtama, kimepauka. Kingine kilikuwa kwenye kiwiko. Nikamwonyesha Shangazi kwa kidole.

Alikaa chini taratibu. "Baba yetu alikuwa navyo," alisema. "Na kila baada ya mavuno alitembelea fimbo. Tulisema ni uzee."

Aliamua palepale. Hakuna wembe, tunakwenda hospitali. Masunga alileta mkokoteni wake wa ng'ombe, akajaza mabua ya mpunga, na njia nzima alitembea mbele ya ng'ombe akiwabembeleza kwa Kisukuma wasiingie mashimoni. Kabla hatujaondoka Shangazi aliniambia, "Chukua na lile daftari Tekla analokucheka nalo. Madaktari hupenda kuuliza mtu amekula nini."

Sasa nakuungamia jambo ambalo baba yako mwenyewe nilimwambia miaka mingi baadaye. Nilipoingia kwenye kibanda cha kupikia pale shambani kuchukua daftari, nililifungua wiki ile ya kualika watu. Alhamisi maini. Ijumaa maini na figo. Jumamosi figo, maini, utumbo, komoni tangu asubuhi. Sikujua bado ugonjwa ni nini, ila moyo wangu uliniambia kwamba ukurasa ule ukisomwa, lawama itanishukia mimi. Nikauchana. Nikaukunja mara nne, nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu.

Daktari aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache na macho ya kusinzia, lakini hakusinzia. Aliuliza maumivu yalianza polepole au ghafla. Yalianza saa ngapi. Ni mara ya kwanza au yamewahi kuja yakaondoka. Ana homa? Ana kidonda? Anatumia dawa gani? Babu yako alitoa mfukoni vidonge vyake vya presha, vile vya kumfanya mtu akojoe sana, alivyopewa mwaka uliotangulia. Daktari akavitazama, akaviweka pembeni. Kisha akachukua sindano nyembamba, akavuta maji kidogo kutoka kwenye kifundo kilichovimba, yakapelekwa kwenye hadubini. Alisema anataka kuwa na hakika kwamba ndani hakuna usaha, kwa sababu maungio yenye usaha hayasubiri, yanaweza kuharibika kwa siku chache.

Tulipokuwa tunangoja, akalifungua daftari langu. Alisoma kwa makini kuliko mtu yeyote aliyewahi kusoma maandishi yangu. Halafu akasimama katikati.

"Hapa siku zinaruka. Kutoka Jumatano tunaingia Jumapili. Mzee alifunga?"

Shangazi alinigeukia. Babu yako alikuwa amefumba macho. Ningeweza kusema nilisahau kuandika. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilimwona babu yako alivyoshikilia ukingo wa kitanda, kucha zimekuwa nyeupe, nikawaza kwamba huyu mtu anataka kumwingiza binti yake kanisani, na mimi nimefunga siku tatu za ugonjwa wake kwenye kanga. Nikafungua pindo. Fundo likanishinda, Shangazi akanisaidia.

Daktari alisoma ukurasa, akarudisha mikunjo yake, akanipa. "Kaugundishe. Na uendelee kuandika, maana watu wengi wanaokuja hapa hawakumbuki hata walichokula jana."

"Ni mimi niliyemwumiza?" nilimuuliza.

"Huu ugonjwa hukumpa wewe. Huu ni jongo, hospitali tunauita gauti. Katika damu ya kila mtu kuna taka fulani ambayo figo huitoa kwa mkojo. Kwa wengine, hasa wanaotoka kwenye ukoo wenye ugonjwa huu, taka hiyo inazidi, inakwenda kukaa kwenye maungio kama chembe za chumvi zenye ncha. Siku chembe hizo zikichokozwa, ndio moto huo unaouona. Wewe hukuleta kuni. Ila moto ulipowaka," alitazama daftari, "ulikuwa unaongeza maini."

Babu yako akafumbua jicho moja. "Daktari, na supu ya makongoro?"

"Nayo tuipumzishe, mzee."

"Afadhali," alisema babu yako. "Nilikuwa nainywa kwa kumwogopa mkwe."

Shangazi Velonika alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwa, na mimi, mwanangu, nilicheka na kulia kwa pamoja. Miezi sita nilikuwa naandika "amemaliza", kumbe mzee alikuwa anamaliza kwa adabu.

Majibu ya hadubini yalirudi hayana usaha. Alipewa dawa za kutuliza uvimbe, akaambiwa apumzishe mguu na kuuinua, anywe maji mengi, komoni aiache kabisa mpaka atakapoambiwa vingine. Kidonge kimoja cha presha daktari alikibadilisha, akatuonya kwamba dawa za presha haziachwi wala hazibadilishwi nyumbani kwa kushauriana na majirani. Na wembe akasema usikaribie mguu ule, kwa sababu ukipasua maungio yaliyovimba unaweza kuingiza usaha ambao haukuwepo.

Tulihesabu siku. Ya tano alikanyaga kwa kisigino. Ya tisa alivaa ndala. Jumamosi ya ndoa ilipofika alivaa viatu, cha kulia hakikufungwa kamba, akamshika Tekla mkono mlangoni mwa kanisa. Alitembea taratibu sana. Kwaya ilikuwa imepanga ubeti mmoja kwa safari ile, ikauimba mara tatu, mara ya nne watu wote kanisani wakawa wameujua wakaimba nao. Tekla hakumharakisha. Alipunguza hatua zake mpaka zikalingana na za baba yake, na uso wake ulikuwa umeng'aa.

Lakini mtihani wangu mimi ulikuwa bado, nao ulikuwa kwenye karamu. Nyumba ile, ng'ombe wa harusi akichinjwa, maini na figo hupelekwa kwa baba wa bibi harusi, na mkamwana ndiye anayeyapeleka akiwa amepiga magoti. Wazee wengine hawaanzi mpaka yeye aonje. Wote walinijua kwa mapishi yangu. Wote walikuwa wanangoja waone sahani ya Konsolata. Nami nikapeleka wali, mchicha, kipande kimoja cha kuku na jagi kubwa la maji.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akasema kwa sauti ya kusikika, "Alfonsi, mkwe wako amekununia? Siku ya harusi ya mwanao unapewa majani?"

Niliinamisha kichwa. Aibu ile niliyoikimbia tangu nilipojifunza kuwasha moto ilikuwa imenifikia mbele ya watu wote. Babu yako akanawa mikono bila haraka, akamega tonge la wali, akaweka mchicha juu yake.

"Umeniona nikiingia kanisani kwa miguu yangu?" alimuuliza.

"Nimekuona."

"Basi hii ndiyo sahani iliyoniingiza. Kula yako."

Akaonja. Na wazee wakaanza kula.

Sasa, mwanangu, sikiliza nikuambie wazi, kwa sababu wewe ni damu ya Alfonsi, na ya baba yake Alfonsi. Umeshapita miaka thelathini, mwisho wa wiki unakaa na wenzako kwenye nyama na bia mpaka jua linazama, na kazini unakunywa soda badala ya maji. Sikulaumu. Nakuomba ujitazame. Jongo huwashika wanaume zaidi, na wanawake likitupata mara nyingi ni baada ya hedhi kukoma. Hupenda wenye ndugu waliougua, wenye uzito uliozidi, wenye presha, kisukari au figo zilizochoka, wanaotumia baadhi ya dawa za kukojosha, na wale ambao nyama nyekundu, maini, figo, utumbo, dagaa, pombe na vinywaji vya sukari ni chakula chao cha kila siku. Siku ya jua kali bila maji nayo inatosha kulichokoza. Babu yako aliwahi kushikwa mwaka uliofuata bila kula kipande cha nyama. Alikuwa ametembea mchana kutwa na kiu. Kwa hiyo usije ukamwona mtu anaumwa ukamwambia ni ulafi. Wengine wanajinyima na bado linawashika.

Ukilala mzima ukaamshwa na maumivu kwenye kiungo kimoja, hasa kidole gumba cha mguu, au kifundo, au goti, na pale pamevimba, pana joto, pamebadilika rangi, hata shuka likigusa unataka kulia, usimwite mtu wa wembe wala usiombe vidonge vya jirani. Nenda hospitali. Ukiwa na homa au kidonda, usingoje hata kupambazuka, kwa sababu huenda ni usaha. Na maumivu yakiondoka yenyewe baada ya wiki, nenda vilevile, maana hapo ndipo tulipodanganyika sisi. Ugonjwa ukiachwa unarudi karibukaribu, unaota vinundu masikioni na viwikoni, unaweza kuharibu maungio na kuweka mawe kwenye figo. Wakikupima damu siku ya maumivu wakasema taka ile haijazidi, usiridhike. Daktari alituambia wakati wa maumivu kipimo kinaweza kuonekana cha kawaida, kwa hiyo kirudiwe baadaye. Na zipo dawa za kuishusha taka hiyo, ila zinatolewa na anayekupima, si na anayekupenda tu.

Hilo la mwisho nalisema kwa ajili yangu zaidi kuliko kwa ajili yako. Nilimpenda babu yako kwa mapishi, na mapishi yangu yalikuwa safi, na bado nusura yamlaze siku ya ndoa ya binti yake. Ukimtunza mtu, muulize anaumwa wapi, kisha umwombe ruhusa utazame. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijawa maumivu ya mtu mwingine. Hutakufa kwa aibu. Mimi niko hapa.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe kiu ya maji kabla ya kiu nyingine zote. Maungio yako yainuke nawe kila asubuhi bila kukulalamikia, na siku yatakapolalamika, usikose karibu yako mtu wa kusema, "Nionyeshe," na wewe usione haya kumwonyesha. Utembee mpaka uzee wako, taratibu kama utakavyotaka, na wanaokupenda wapunguze hatua wakungojee.